Maisha ya Abu Ali Ibn Sina, Tabibu wa Ubongo na Fahamu

 

Katika bonde la mto Kilombero, na katika milima ya Mahenge iliyo ng'ambo ya mto kwa mwenye kutoka Ifakara, yako maradhi ambayo wenyeji wameyajua tangu zamani, nayo ni kifafa. Wapogoro wa milima ile waliyaogopa kuliko ndui. Mtu akianguka, akakakamaa, akatoka povu, watu walimkimbia, kwa kudhani kwamba mate yake yakimgusa mwingine naye atashikwa. Hakula katika chungu kimoja na nduguze, wala hakulala nao. Akiangukia motoni au mtoni, alikosa wa kumtoa, na wengi walikufa kwa kuungua na kuzama, si kwa kifafa chenyewe. Wala watu wa pwani wasiwacheke watu wa bara kwa jambo hili, kwani huku nako mara nyingi mgonjwa wa namna hii hupigiwa ngoma za pepo siku saba, na fedha ya babaye ikaisha, na maradhi yakabaki pale pale.

Na hali jambo hili maulamaa wa Kiislamu wa tiba walikwisha kulieleza kabla ya miaka elfu moja. Wayunani waliwatangulia, hilo halikanushwi. Lakini aliyelikusanya, akalipanga, akalitia katika kitabu kilichosomwa Mashariki na Magharibi, ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah Ibn Sina, aliyepewa lakabu ya Sheikh-ur-Rais. Hizi ndizo khabari zake.

Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra, nao ni mwaka 980 wa Miladi, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara. Babaye alikuwa mtu wa Balkh, akitumikia dola ya Wasamani, na mamaye akiitwa Sitara. Walipohamia Bukhara mtoto alitiwa chuoni, na alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani na kusoma mengi ya adabu, hata watu wakamstaajabia. Hesabu ya Kihindi alifundishwa na muuza mboga, kwa kuwa babaye aliona kuwa ilimu huchukuliwa kwa mwenye nayo, awe na kilemba au awe na kapu. Fikihi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, na mantiki kwa mtu aliyeitwa an-Natili, na haukupita muda mwanafunzi akampita mwalimu.

Kisha akaingia katika tiba. Mwenyewe aliihesabu kuwa si katika ilimu zilizo ngumu, na alipokuwa na miaka kumi na sita matabibu walikuwa wakisoma kwake, naye akiwauguza wagonjwa na kujifunza kwao yale yasiyomo vitabuni. Usiku alilala kidogo tu. Likimshinda jambo alikwenda msikitini akasali na kumwomba Muumba amfungulie. Kitabu cha Aristotle katika ilimu ya yaliyo nyuma ya maumbile alikisoma mara arobaini, akakihifadhi kwa moyo asikifahamu, hata siku moja sokoni dalali alipomshikilia anunue kitabu cha al-Farabi kwa dirhamu tatu. Akakinunua kwa shingo upande, akarejea nyumbani akakisoma, na yale yote yakamfunukia. Kulipokucha alitoa sadaka kuwapa masikini kwa kumshukuru Mungu.

Mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua, na matabibu wake wakashindwa, kijana huyu aliitwa kusaidia, na ijara aliyoitaka ilikuwa ni ruhusa ya kuingia katika hazina ya vitabu ya mfalme. Humo aliviona vitabu ambavyo wengi hawakuyajua hata majina yake. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa amemaliza ilimu zote za zama zake. Na baadaye alikiri kwamba siku zile hifadhi yake ilikuwa na nguvu zaidi, lakini ukubwani ilimu ile ile ilipevuka ndani yake. Hiyo ni tafauti ya kuhifadhi na kufahamu, na walimu wa vyuoni waliangalie sana neno hilo.

Babaye alikufa, dola ya Wasamani ikavunjika, naye akatoka Bukhara asirejee tena. Akakaa Gurganj, kisha akakimbia kwa kuuogopa mkono wa Sultani Mahmud wa Ghazna, akapita jangwa, akafika Jurjan. Hapo ndipo alipomfuata mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani, aliyefuatana naye hata kufa, na ambaye kwake ndiko khabari nyingi zilikopatikana. Na hapo Jurjan alianza kukiandika kitabu chake kikubwa, al-Kanuni katika Tiba, ambacho kina vitabu vitano ndani yake.

Yapasa kusimama hapa kidogo, kwani ndani ya al-Kanuni, na ndani ya kitabu chake cha Nafsi, mna aliyoyasema juu ya ubongo.

Alifundisha kwamba hisia na mwendo wa kiwiliwili chote hutokana na ubongo, na hupita katika mishipa ya fahamu itokayo katika ubongo wenyewe na katika uti wa mgongo. Ukikatika mshipa, kiungo chake hufa ganzi au hulegea, ijapokuwa kiungo chenyewe hakina jeraha. Na ndani ya ubongo alizitaja nguvu tano. Mbele ipo nguvu inayokusanya yaletwayo na macho na masikio na pua na ulimi na ngozi, na iliyo karibu nayo huyaweka yale maumbo baada ya vitu vyenyewe kuondoka. Katikati ipo inayoyaunganisha na kuyatenganisha, na ipo inayotambua maana isiyoonekana kwa jicho: kondoo amwonapo mbwa mwitu, jicho lake huona rangi na umbo, lakini uadui hauna rangi, ni nguvu hii ndiyo imwambiayo akimbie. Na nyuma ya ubongo aliiweka kumbukumbu ya maana hizo. Kwa hivyo mbwa aliyepigwa kwa fimbo huiogopa fimbo hata ikiwa imelala chini, kwa kuwa umbo na maumivu yamekwisha kufungamana ndani yake. Na mtoto naye huanza kufunzwa kwa njia hiyo kabla ya kupata akili ya kupambanua. Ndiyo sababu Ibn Sina alitaka tabia ya mtoto iangaliwe mapema, azuiliwe na hasira kali na hofu na huzuni, na atiwe kwa mwalimu afikapo miaka sita.

Matabibu wa leo hawazikubali zile sehemu alizozitaja. Yeye, kwa kuwafuata waliomtangulia, alidhani nguvu hizo zakaa katika vyumba vilivyo wazi ndani ya ubongo, na leo yajulikana kuwa vyumba vile vina maji tu, na kwamba kazi hufanywa na nyama ya ubongo wenyewe, kwa chembe zisizohesabika zinazopelekeana khabari kwa nguvu mfano wa umeme. Lakini asili ya neno lake imesimama: kazi za ubongo zina mahali pake, na mahali pakidhurika kazi hudhurika, na mwendo wa mtu hubadilika bila ya yeye kutaka.

Wala asidhani mtu kwamba Ibn Sina alimfanya mwanadamu kuwa ubongo mtupu. Alipiga mfano wa mtu aliyeumbwa mara moja, mkamilifu, akining'inia hewani, haoni, hasikii, wala viungo vyake havigusani. Akasema kuwa mtu huyo, hata hivyo, angejua kwamba yupo. Kwake roho ni kitu kingine, na ubongo ni chombo chake. Seremala mwenye patasi butu hufanya kazi mbovu, na ubovu si wa seremala.

Kwa msingi huu aliizungumza sar'u, yaani kifafa. Aliieleza kuwa ni kizuizi kisicho kamili katika ubongo na katika njia za mishipa ya fahamu, kinachozuia hisia na mwendo kwa muda, kisha kikaondoka. Na katika maradhi ya huzuni na wasiwasi aliwataja wanaosema kwamba ni kazi ya majini, naye hakuingia katika ubishi huo. Alisema kwamba tabibu hahitaji kujua jambo hilo, kwani hata likiwa linatoka kwa jini, basi sababu iliyo karibu imo mwilini, na hiyo ndiyo ya kutibiwa. Jawabu hii ni ya busara. Haikukanusha ghaibu, wala haikumwacha mgonjwa bila ya dawa.

Na kabla yake, katika sahihi mbili za Bukhari na Muslim, imepokewa khabari ya mwanamke mweusi aliyekwenda kwa Mtume, sala na amani zimshukie, akishitaki kwamba huanguka na nguo humfunuka. Akahiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo, na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunukwe, naye akaombewa. Hakufukuzwa, wala hakuambiwa kuwa ni mwenye laana, wala hakuna aliyeogopa kukaa naye.

Mambo haya bonde la Kilombero lilichelewa kuyapata. Mwaka 1960 tabibu mwanamke wa Kinorwe, Louise Aall, alifungua Mahenge mahali pa kuwatibu wenye kifafa. Aliwakuta wakiishi pembeni mwa vijiji, na majeraha ya moto mwilini. Akawapa fenobabitali, dawa ya bei ndogo, na wengi kuanguka kwao kukapungua, na watu walioona kwamba aliyekuwa akianguka sasa halima shamba lake peke yake walianza kuacha ile khofu ya mate. Aliwakuta pia watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wenye usingizi, ambao wenyeji husema juu yao kwamba amesinzia kichwa. Wachunguzi waliomfuata wameona kwamba kifafa cha huko kina uhusiano na usubi, yaani maradhi ya minyoo iletwayo na inzi wadogo weusi wanaozaliwa katika maji ya mito yendayo kasi; namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo ingali ikitafutwa.

Na malaria nayo, ambayo bonde lile lina sifa mbaya kwayo, ikimpanda mtoto kichwani yaweza kumwachia kifafa hata baada ya homa kwisha. Maabara iliyoanzishwa na Waswisi mjini Ifakara, ambayo leo ni taasisi ya Watanzania na ina tawi Bagamoyo, imefanya kazi kubwa juu ya malaria na vyandarua vyenye dawa. Sababu nyingine yawahusu Waislamu kwa namna wasiyoidhani. Mayai ya tegu wa nguruwe hutoka katika choo cha mtu mwenye tegu huyo, na akiyameza mwingine kwa maji, au mboga, au mkono usionawa, hujenga vifuko ndani ya ubongo, na vifuko huleta kifafa. Basi mtu aweza kuishi miaka yake yote asionje nguruwe, na akaugua kwa choo cha jirani.

Turejee kwa Ibn Sina. Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, akamwuguza Majd-ud-Dawla, mtawala kijana aliyeshikwa na huzuni ya nafsi. Kisha Hamadhan, ambako alifanywa waziri wa Shams-ud-Dawla. Askari wakamwasi, wakaipora nyumba yake, wakataka auawe. Akajificha siku arobaini, hata Amiri alipougua tumbo akatafutwa tena na kurudishwa katika uwaziri. Mchana alifanya kazi za dola, usiku wanafunzi walikusanyika, huyu akisoma katika ash-Shifa na yule katika al-Kanuni. Siku moja kichwa kilimuuma, akaona kwamba maada inateremka katika ngozi ya ubongo. Akaagiza barafu nyingi ikapondwa, ikafungwa kitambaani, akajifunika nayo kichwa hata akapoa. Na katika al-Kanuni ameandika namna ya kumjua aliyeugua kwa mapenzi ya siri: ushikwe mshipa wa mkono wake na majina yatajwe moja moja, na jina ambalo mshipa hugutuka kwalo ndilo lenyewe. Wasimulizi wamelitungia jambo hili hadithi nyingi, na si zote za kusadikiwa.

Wala haifai kuzificha ila zake. Katika khabari zake mwenyewe mna kunywa kilichoharamishwa, na mwanafunzi wake amesema wazi kuwa alizidisha katika matamanio. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, alimrudi kwa ukali, yeye na wafuasi wa falsafa, katika mambo matatu ya itikadi: kwamba ulimwengu ni wa tangu na tangu, na kwamba Mungu hajui sehemu moja moja, na kukanusha kufufuliwa viwiliwili. Lakini Ghazali huyo huyo aliihesabu tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na alisikitika kwamba watu wa miji husongamana katika fikihi, na tabibu wao wa pekee huwa si Mwislamu.

Baada ya kufungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, alikimbilia Isfahan kwa Ala-ud-Dawla akiwa na joho la kisufi, na huko alipata utulivu. Al-Kanuni ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, na vyuo vya Ulaya vikaisomesha hata karne ya 17.

Mwisho wake ulikuwa kwa chango kilichomshika akiwa safarini na Amiri. Kwa kutaka apone upesi alijipiga bomba mara nane kwa siku moja, matumbo yakapata vidonda, kisha kikamjia kile kifafa ambacho mara nyingine hufuata chango. Yule aliyekieleza katika kitabu akaanguka nacho. Watumishi waliokuwa wameiba mali yake wakaogopa akipona atawahesabia, wakamzidishia afyuni katika dawa. Alipojua kuwa nguvu ya kuuendesha mwili imekwisha, aliacha kujitibu. Akaoga, akatubu, akagawa aliyokuwa nayo kwa masikini, akawarudishia watu haki zao, akawaacha huru watumwa wake, akawa akikhitimu Kurani killa siku tatu. Akafariki Hamadhan, mwezi wa Ramadhani mwaka 428, nao ni mwaka 1037, naye ana miaka hamsini na minane ya Hijra, na kaburi lake liko huko.