Von Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyepigana miaka minne kwa chakula cha wanakijiji

Arusha. Mbali kusini mwa Njiro, kwenye tambarare za Monduli, upo mlima Lolkisale. Aprili 1916 watu walipigana hapo kugombea maji.

Wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakiongozwa na Jenerali Jacob van Deventer kwa upande wa Waingereza, walitoka Arusha, wakauteka mlima huo na kusonga hadi Kondoa. Nyuma yao masika yakafunga njia. Malori ya chakula yakanasa kwenye tope na farasi wakafa kwa mamia.

Mjerumani aliyewafuata Kondoa na kuwashambulia mwezi Mei, bila mafanikio, ni Paul von Lettow-Vorbeck.

Ni nani huyu?

Alizaliwa Machi 20, 1870 mjini Saarlouis, Ujerumani. Kabla ya kuja huku alishapigana China na kwenye vita dhidi ya Waherero, Namibia ya leo. Alifika Dar es Salaam Januari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Novemba mwaka huo aliwashinda Waingereza Tanga, akapata jina kubwa.

Lakini tatizo lake kubwa halikuwa risasi, lilikuwa msosi.

Jeshi lisilo na makopo

Ulaya ilishajua kuhifadhi chakula kwenye makopo tangu mwaka 1810. Kopo la nyama hukaa miaka bila kuharibika. Sasa, meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani. Meli mbili tu za shehena kutoka Ujerumani zilipenya: Rubens mwaka 1915 karibu na Tanga, na Marie mwaka 1916 huko Sudi, Lindi.

Kwa hiyo askari wake waliishi kwa mahindi, mtama, viazi vitamu, nyama pori na mafuta ya kiboko. Unga ulibebwa kwenye magunia, na gunia likiloa, unga unavunda ndani ya siku chache. Huwezi kuweka akiba ya miezi namna hiyo. Lazima uchukue chakula kipya kila unapofika.

Piga hesabu: mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, kinachobaki cha kumpa askari ni kilo tano tu. Ndiyo maana wapagazi walihitajika kwa maelfu.

Novemba 1917 chakula na dawa vilipopungua kabisa, aliwaacha nyuma wagonjwa na wasioweza safari, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Huko aliishi kwa kupora maghala ya Wareno. Alijisalimisha Novemba 25, 1918 Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Nani alilipa?

Ujerumani ilimpokea kama shujaa. Huku nyuma, majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima. Ugogo, mvua ziliposhindwa kunyesha, hapakuwa na akiba yoyote. Njaa hiyo ya kuanzia 1917 Wagogo waliiita Mtunya. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na chakula kibovu.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg Machi 9, 1964 akiwa na miaka 93. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa Kiafrika waliokuwa bado hai.

Wapagazi nao wana kumbukumbu yao. Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo. Leo makopo ya nyama yanauzwa palepale.