Stanley Rous: Refa aliyezipanga sheria za mpira, kisha akakosana na Afrika

Kila mwisho wa wiki, kwenye maskani zetu kuanzia Lamu mpaka Vanga, kahawa hunywewa na ubishi wa mpira hauishi. Siku hizi ubishi mkubwa ni wa VAR. Bao limefungwa, watu wamesharuka na kukumbatiana, kisha refa anaitwa kwenye runinga na bao linakataliwa kwa sababu kidole cha mguu cha mshambuliaji kilimpita beki. Wako wasemao sheria ya kuotea ifutwe. Wengine wataka muda usimamishwe kila mpira ukitoka, na wengine waona mpira waharibiwa na mabadiliko yasiyokwisha.

Kabla hatujaamua nani ana haki, ndugu msomaji, yafaa tumjue mtu aliyezipanga sheria hizi 17 tunazobishania. Jina lake ni Stanley Rous, Mwingereza aliyefariki mwaka 1986. Maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwa nini mchezo huu umependwa na dunia nzima. La pili latuhusu sisi Waafrika moja kwa moja.

Rous alizaliwa tarehe 25 Aprili 1895 katika kijiji cha Mutford, jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ujanani alikuwa golikipa wa timu za kwao, lakini alivunjika kifundo cha mkono na ikawa basi kudaka. Akashika filimbi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka aliingia jeshini, kikosi cha mizinga, na baada ya vita akawa mwalimu wa michezo katika shule moja ya wavulana mjini Watford, karibu na London.

Kama refa alipanda haraka. Mwaka 1927 alichezesha mechi yake ya kwanza ya kimataifa, kati ya Ubelgiji na Uholanzi. Mwaka 1934 akapewa fainali ya Kombe la FA uwanjani Wembley, Manchester City ikaishinda Portsmouth mabao 2-1. Ndiyo ile fainali ambayo kipyenga cha mwisho kilipolia, golikipa wa City, Frank Swift, kijana wa miaka 20, alizimia palepale golini. Mwaka huohuo Rous akateuliwa katibu wa FA, chama cha mpira cha Uingereza, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya robo karne.

Kuna jambo aliloliacha uwanjani ambalo twaliona mpaka leo bila kujua limetoka kwake. Tazama refa anavyokimbia: hukata uwanja mshazari, kutoka pembe hii hadi ile, na washika vibendera wawili kila mmoja hushika nusu yake upande ambao refa hayuko karibu. Mpango huo ni wa Rous. Kabla yake marefa walizunguka kila mtu kwa akili yake, na mara nyingi wote watatu walikuwa wakiangalia sehemu moja huku rafu ikichezwa kwengine.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1938. Sheria za mwanzo za FA ziliandikwa London mwaka 1863, zikiwa 13 tu. Hazikutaja golikipa wala penalti, na mchezaji aliruhusiwa kuudaka mpira hewani. Tangu hapo kila tatizo likitokea kiliongezwa kifungu. Penalti iliingia mwaka 1891. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: badala ya wachezaji watatu wa timu pinzani kuwa mbele ya mshambuliaji, wakatosha wawili, na mabao yakaongezeka mara moja. Ikawa kama nyumba iliyoongezwa chumba baada ya chumba bila ramani. Refa mpya alitafuta jibu moja katika vifungu vitatu vilivyotawanyika.

Rous alikaa akaipanga upya nyumba nzima. Alianza na uwanja, akaja mpira, wachezaji, vifaa vyao, refa na wasaidizi wake, muda wa mchezo, namna ya kuanza, mpira ukiwa ndani na nje, bao, kuotea, makosa, kisha mikwaju ya faulo na penalti, mpira wa kurusha, wa golini na wa kona. Jumla 17. Kazi hiyo ina alama ya mwalimu: kila jambo mahali pake, kwa lugha ambayo mwanafunzi aweza kuishika. Sheria hizo zimeandikwa upya tena zaidi ya mara moja baada yake, lakini idadi imebaki 17 na mpangilio ni ule ule kwa sehemu kubwa.

Hapa ndipo penye jibu la kwa nini mpira umependwa hivi. Mtoto wa Shela aweza kuweka ndala mbili mchangani zikawa goli, akafunga makaratasi kwa kamba yakawa mpira, na mchezo anaocheza ukawa ule ule wa Wembley. Hahitaji farasi, wala fimbo, wala kofia ya chuma. Mrefu acheza, na mfupi acheza. Hakuna anayehitaji kusoma kitabu ili ajue nini ni bao. Michezo yenye sheria nyingi hupendwa na waliofundishwa, lakini huu hupendwa hata na bibi anayepita njia.

Baada ya vita vya pili, Rous aliirudisha Uingereza katika FIFA mwaka 1946, na mwaka 1949 akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1961, akiwa na miaka 66, alichaguliwa rais wa FIFA. Hapo ndipo safari yake ilipoanza kwenda kombo.

Miaka hiyo bendera zilikuwa zikishushwa na kupandishwa Afrika nzima. Shirikisho la Afrika, CAF, lilikuwa limeundwa mwaka 1957, na Afrika Kusini ikaachwa nje kwa sababu haikukubali kuleta timu ya watu wa rangi zote. FIFA nayo iliifungia nchi hiyo mwaka 1961. Lakini mapema mwaka 1963 Rous alikwenda mwenyewe Afrika Kusini, akarudi na rai kwamba chama cha wazungu hakikuwa na kosa, na adhabu ikaondolewa. Chama hicho kikaahidi kupeleka timu ya wazungu watupu kwenye Kombe la Dunia la 1966, na ya weusi watupu mwaka 1970. Rous aliamini kwamba siasa za makaburu si kazi ya watu wa mpira. Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba sheria zake mwenyewe hazikuwa na kifungu cha rangi ya ngozi.

Waafrika hawakunyamaza. Kwenye mkutano wa Tokyo mwaka 1964, kura za Afrika na Asia zikairudisha adhabu. Mwaka huohuo likazuka la pili. FIFA ilikuwa imegawa nafasi 16 za Kombe la Dunia la 1966: Ulaya 10, Amerika ya Kusini 4, Amerika ya Kaskazini na Kati 1, na nafasi moja iliyobaki igombaniwe na Afrika, Asia na Oceania kwa pamoja. Bingwa wa bara letu asingefuzu moja kwa moja. Ghana ya Kwame Nkrumah, iliyotwaa Kombe la Afrika mwaka 1963 na tena 1965, ikaongoza, pamoja na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia. Timu za Afrika zikasusia zote.

Kombe likachezwa Uingereza bila nchi hata moja ya Afrika. Lakini mfungaji bora, kwa mabao 9, alikuwa Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, nchi ya pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, akiichezea Ureno iliyokuwa ikiitawala nchi yake. Afrika ilifungiwa mlango, na bado ikaingia kwa dirisha la watu wengine.

Kususia kulizaa matunda. Mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake kamili, na Morocco ikaenda Mexico. Lakini deni la Rous halikufutika. Tarehe 11 Juni 1974, mjini Frankfurt, alisimama kutetea kiti chake dhidi ya João Havelange wa Brazil, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akiahidi nafasi zaidi na kutengwa kwa Afrika Kusini. Havelange alishinda kwa kura 68 dhidi ya 52. Katika FIFA kila nchi ina kura moja, iwe kubwa au ndogo, na nchi changa zilizopuuzwa ndizo zilizomwangusha refa huyu hodari. Miaka miwili baadaye Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa, ikarudi mwaka 1992 ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Rous hakuacha sifa ya kula pesa za mpira, jambo ambalo Havelange hakuweza kulisema, kwani mwaka 2013 alilazimika kuacha cheo cha heshima FIFA kwa sababu ya kashfa ya rushwa. Na ni chini ya urais wa Rous kwamba kadi za njano na nyekundu, wazo la refa Ken Aston, zilitumika Kombe la Dunia la 1970. Mchezaji wa lugha yoyote akazielewa.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Je, sheria zibadilishwe? Maisha ya Rous yanaonyesha kwamba zimekuwa zikibadilika tangu mwanzo, na mabadiliko mazuri yalirahisisha mchezo. Golikipa kukatazwa mwaka 1992 kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu kuliondoa uchovu wa kupoteza wakati, na mtoto wa mtaani aliielewa siku hiyo hiyo. VAR, iliyoingia kwenye sheria mwaka 2018, imesahihisha makosa mengi, lakini imeleta vipimo ambavyo jicho la binadamu haliwezi kuviona. Rai yangu ni kwamba kila sheria mpya ipimwe kwa kipimo kimoja: je, watoto wanaocheza ufukweni bila refa waweza kuitumia? Ikiwa hawawezi, basi mchezo umeanza kugawanyika kuwa wa walio na mitambo na wa wasio nayo.

Kisha tusisahau sheria za nje ya uwanja. Kwenye Kombe la Dunia la 2026 Afrika imetengewa nafasi 9 za moja kwa moja, na hazikuletwa na hisani ya mtu. Hapa kwetu Pwani vijana wanajua sheria zote 17, lakini viwanja walivyochezea baba zao vingi vimejengwa maghorofa. Sheria ya kwanza aliyoiweka Rous ni ya uwanja, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuidai kwa viongozi wetu kabla ya kugombana juu ya kuotea.