Mzee Karume na Nyumba ya Jangwani
Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905, akawa baharia, kisha tangu mwaka 1957 akakiongoza chama cha Afro-Shirazi hadi Mapinduzi ya mwaka 1964. Hayo yanajulikana. Wachache hukumbuka mapenzi yake kwa mpira: aliwasaidia Yanga, klabu ya mwaka 1935, kupata jengo lao la Jangwani, na watani wao wa Msimbazi aliwashauri waliache jina la kigeni la Sunderland, nao mwaka 1971 wakawa Simba. Aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili, 1972.

Tunamtaja kwa sababu ya hisa. Simba, na Yanga mwaka 2021, waliridhia wawekezaji wapate asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Mtaji hatuupingi; Jangwani hufurika maji wakati wa masika, na ada za wanachama peke yake haziwezi kujenga uwanja pale. Lakini mwanachama aliye mbali, tuseme mkulima wa kahawa wa Bugomora, karibu na mpaka wa Uganda, ni mwenye nyumba ile sawasawa na wa Kariakoo. Kabla kiwanja hakijawekwa rehani wala kukabidhiwa mjenzi, naye asomewe hesabu, aonyeshwe hati, apige kura.