Mtakatifu Inyasi wa Loyola na Moyo Usio na Raha



Wapendwa vijana, leo naanza kwa kukiri jambo. Nilipokuwa mwaka wa pili wa falsafa, kuna usiku nilikaa na karatasi nikaandika barua ya kuomba kuacha seminari. Hakuna baya kubwa lililokuwa limetokea. Mitihani nilifaulu, tena nilikuwa nimeandika insha nzuri tu kuhusu furaha kwa mujibu wa Aristotle. Ila mimi mwenyewe sikuwa na furaha. Sala ilikuwa kavu. Wenzangu wakicheka mezani, mimi nilisikia kelele tu. Asubuhi nikampelekea mlezi wangu wa kiroho ile barua. Hakubishana nami. Aliikunja, akasema tutaisoma pamoja baada ya mwezi mmoja, halafu akanipa kitabu cha maisha ya Mt. Inyasi.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 huko Loyola, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alikuwa kitindamimba wa familia kubwa. Ujana wake ulikuwa upanga, mavazi ya kupendeza na kutafuta sifa. Tarehe 20 Mei 1521, akiitetea ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa, tufe la mzinga lilimvunja mguu wa kulia na kumjeruhi wa kushoto.

Mfupa uliungwa vibaya, ikabidi uvunjwe tena. Hata ulipounga, kipande kilibaki kimejitokeza chini ya goti. Akaona hatapendeza kwenye buti zake, akaomba kikatwe. Siku zile ganzi hakuna! Yaani alikubali kukatwa mfupa akiwa macho ili tu aonekane vizuri. Tusimcheke haraka, maana na sisi tunajua tunavyoteseka kwa ajili ya kuonekana.

Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa na mapenzi. Nyumbani hazikuwepo, akaletewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Basi, akawa na ndoto za mchana za aina mbili. Mara alimuwaza kwa saa nyingi mwanamke mmoja wa hadhi kubwa, atakavyomtumikia na atakavyomwambia. Mara alijiuliza ingekuwaje kama naye angefanya waliyofanya Fransisko na Dominiko. Ndoto zote mbili zilikuwa tamu wakati akiziota. Tofauti ilikuja baadaye: ile ya kwanza ilimwacha mkavu na mwenye uchungu, ile ya pili ilimwacha na amani iliyobaki.

Hapo ndipo aliponishika. Mimi nilikuwa najiuliza tu kama nina furaha au sina. Inyasi alitazama kila raha inamwacha katika hali gani ikishapita.

Ungedhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Hapana. Mwaka 1522 aliacha upanga wake mbele ya Bikira Maria huko Montserrat, akaenda Manresa kuishi kwa sala na kuomba chakula. Baada ya miezi michache alivamiwa na wasiwasi wa dhamiri. Aliungama, kisha akaona kuna dhambi hakuisema vizuri, akarudi tena na tena. Alifika mahali pa kujaribiwa kujiua. Ndiyo, mtakatifu huyu mkubwa alifika huko. Alifunga chakula wiki nzima ili Mungu amwondolee mateso, mpaka muungamishi wake akamwamuru ale. Alitii. Akapata nafuu siku mbili, kisha yakarudi. Ndipo akafanya tena lile alilojifunza kitandani: akachunguza mawazo haya yanaanzia wapi na yanampeleka wapi. Akaona yanampeleka kulichukia hata lile pendo alilolianza. Akaamua kutoungama tena dhambi za zamani alizokwisha kuungama, na akawa huru.

Mambo haya aliyaweka katika Mazoezi ya Kiroho. Anafundisha kwamba ukiwa wa moyo unaweza kutokana na uzembe wetu, au Mungu anatujaribu, au anatufundisha kuwa faraja ni zawadi yake wala siyo mali yetu. Anafundisha pia kwamba ukiwa gizani usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na mwanga, na kwamba adui anapenda siri. Mfungulie moyo mtu mwenye hekima, nguvu za adui zinapungua.

Naomba hapa nieleweke, ndugu yangu. Si kila huzuni ni jambo la kiroho. Nyingine ni ugonjwa, na daktari ni zawadi ya Mungu pia. Kama unawaza kujidhuru, usingoje kesho, mwambie mtu leo.

Mateso yale hayakupotea bure. Akiwa na miaka 33 Inyasi alikaa darasani Barcelona na watoto kujifunza Kilatini. Baadaye huko Paris aliishi na Petro Favre, kijana aliyesumbuliwa na wasiwasi uleule, akamsaidia kwa sababu aliujua. Aliishi pia na Fransisko Ksaveri, ambaye mwaka 1542 alipita Malindi, pwani yetu hii, akielekea India. Shirika la Yesu lilithibitishwa na Papa mwaka 1540. Inyasi alifariki Roma tarehe 31 Julai 1556, na ndiyo siku tunayomkumbuka.

Barua yangu? Tuliisoma baada ya mwezi. Niliona imeandikwa na mtu aliyechoka, siyo mtu aliyeamua. Siku kavu bado ninazo, ila sasa sizifanyii maamuzi.

Usiku huu weka simu mbali dakika kumi. Mwombe Roho Mtakatifu mwanga, kisha jiulize: leo nini kilinipa raha, na kiliniacha vipi? Nini kilinihuzunisha, na nimemwambia nani? Malizia na Baba Yetu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.