Rupp: Kocha aliyesaka vipaji nyumbani akaacha vingine mlangoni

ADOLPH Rupp ni miongoni mwa makocha waliovuna ushindi mwingi zaidi katika mpira wa vikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani. Kwa miaka 42, kuanzia 1930 hadi 1972, alikinoa kikosi cha Chuo Kikuu cha Kentucky, akashinda mechi 876 na kutwaa ubingwa wa taifa mara nne: 1948, 1949, 1951 na 1958. Hata hivyo, namna alivyowateua wachezaji wake ndiyo iliyomjengea jina, na ndiyo pia iliyolitia doa.

Rupp alizaliwa Septemba 2, 1901, huko Halstead, jimbo la Kansas, katika familia ya wakulima wenye asili ya Ujerumani. Alichezea Chuo Kikuu cha Kansas chini ya kocha Phog Allen, wakati ambapo James Naismith, mwasisi wa mchezo huo, alikuwa akifundisha chuoni humo. Baadaye alifunza katika shule za upili hadi Kentucky ilipomwajiri.

Katika usajili, msimamo wake ulikuwa bura yangu sibadili na rehani. Wachezaji wake wengi walitoka Kentucky kwenyewe, jimbo ambalo mchezo huo ulipendwa hadi vijijini. Wallace Jones, kwa mfano, alitoka Harlan, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Mnamo 1948, Jones na wenzake wanne wa kikosi hicho walikuwa katika timu ya Marekani iliyonyakua dhahabu ya Olimpiki jijini London.

Lakini nyumba hiyo haikuwa ya wote. Ingawa chuo kilianza kupokea wanafunzi weusi mnamo 1949, timu ya Rupp iliendelea kuwa ya wazungu watupu. Mnamo 1964, chuo kilimwalika Wes Unseld, kijana mweusi kutoka Louisville, mji wa jimbo lilo hilo. Unseld alichagua Chuo Kikuu cha Louisville, akaja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa ya NBA. Mwaka uliofuata, Butch Beard alifuata njia hiyo hiyo. Chelewa chelewa, utampata mwana si wako.

Fundisho lilikuja Machi 19, 1966. Katika fainali ya taifa, Kentucky ilishindwa 72-65 na Texas Western. Kocha Don Haskins aliianzisha mechi na wachezaji watano weusi, baadhi yao aliowasajili kutoka miji ya mbali kama Detroit na Gary.

Rupp alimsajili mchezaji wake wa kwanza mweusi, Tom Payne, mnamo 1969. Wapo wanaomlaumu kwa ubaguzi. Wengine hutaja shinikizo la majimbo ya kusini, na kwamba aliwahi kumfunza kijana mweusi katika shule ya upili huko Freeport, Illinois. Iwe iwavyo, kocha aliyesifika kwa kuthamini vipaji vya karibu aliwapita watoto wa majirani zake kwa takriban miongo minne.

Alistaafu 1972 akiwa na umri wa miaka 70, kwa mujibu wa kanuni za chuo, na kufariki Desemba 10, 1977. Ukumbi wa Rupp Arena mjini Lexington, uliofunguliwa 1976, ulipewa jina lake. Mnamo 2020, wahadhiri wa masomo ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi chuoni humo walitaka jina hilo liondolewe. Halikuondolewa.