MAISHA YA OSA JOHNSON, MAMA ALIYETEMBEA

Hapa kwetu Tiwi na Diani tumezoea kuwaona wageni wawili wawili, mume na mke, wakija kutembea majuma mawili kisha wanarudi makwao. Leo nitawasimulia mama mmoja ambaye matembezi yake na mumewe yalichukua miaka ishirini na sita na ushei.

Osa Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, Marekani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka wa 1910 aliolewa na Martin Johnson, kijana mpiga picha aliyekuwa amezunguka Pasifiki katika mashua ya mwandishi Jack London. Osa alikuwa na miaka 16 tu! Mimi pia nina miaka 16, na nikilifikiria jambo hilo nashtuka. Wasichana wenzangu, hapo tusimwige. Siku hizi sheria ya Kenya inataka miaka 18, na masomo kwanza.

Mwaka wa 1917 walikwenda visiwa vya New Hebrides, ambavyo sasa ni Vanuatu. Mwaka wa 1920 wakafika Borneo ya Kaskazini, iliyokuwa chini ya Waingereza na leo ni jimbo la Sabah nchini Malaysia. Baadaye wakaja Kenya. Kuanzia 1924 hadi 1927 waliishi Marsabit, kando ya ziwa msituni. Martin alipiga picha za ndovu na simba, naye Osa akisimama kando na bunduki kumlinda. Bustani ya mboga ilikuwa yake, na jikoni pia.

Mwaka wa 1935 wakarudi Borneo, safari hii na ndege yao ya kutua majini. Walipiga kambi Abai, ukingoni mwa mto Kinabatangan, wakakaa huko hadi 1936. Waliwapiga picha orangutanu, na kima wenye pua ndefu zinazoning'inia. Sisi tuliozoea mbega wa Diani tungecheka mpaka basi.

Lakini furaha haidumu. Tarehe 12 Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka karibu na Los Angeles. Martin akafariki siku ya pili. Osa alivunjika mguu. Wengi wangedhani mambo yamekwisha, maana kazi ile walikuwa wakiifanya wawili. Osa hakukata tamaa. Alihutubia watu akiwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka wa 1940 akatoa kitabu cha maisha yao kilichonunuliwa mno Marekani.

Ukweli usemwe, sinema zao zilikuwa na kasoro. Mara nyingi ziliwafanyia mzaha Waafrika na watu wa Borneo, watu hao hao waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia. Majina ya wasaidizi hao wengi hatuyajui. Hilo linaniuma, kwa sababu bila wao hizo picha zisingepatikana.

Osa alifariki tarehe 7 Januari 1953 mjini New York. Akazikwa kwao Chanute, na mwaka wa 1961 mji huo ukafungua jumba la makumbusho lenye majina yao wawili. Naam, wahenga hawakukosea: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.