Daktari Carothers na Akili ya Mwafrika

Hospitali ya Mathari, Nairobi, yajulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Nyumba hiyo ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa mwaka 1910, na mmoja wa wakuu wake wa zamani aliacha jina liletalo mabishano hata leo: Daktari John Colin Carothers.

Alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1903, akasomea uganga Uingereza, na mwaka 1929 akaingia kazini Kenya. Mwaka 1938 alikabidhiwa Mathari, ingawa hakuwa amesomea maradhi ya akili. Elimu hiyo aliipata baadaye huko London, kwa muda wa miezi tu. Tusimnyime haki yake: aliwahudumia wagonjwa wale hadi mwaka 1950, kazi ambayo wengi waliikimbia.

Siku zile waganga wa Ulaya na Marekani walisifu dawa mpya ya wazimu, nayo ni kisu. Mwaka 1935 Daktari Egas Moniz wa Ureno alianza kukata njia ziunganishazo sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel. Baadhi ya wagonjwa walitulia. Lakini wengi walibaki kama taa iliyopunguzwa utambi, hawajali kesho wala hawawezi kupanga kazi, na wengine walikufa.

Carothers hakuvumbua kisu hicho. Lakini mwaka 1951 aliandika katika jarida la waganga la Uingereza kwamba Mwafrika mwenye afya afanana na Mzungu aliyekatwa ubongo namna hiyo, kwa kuwa haitumii ipasavyo sehemu ya mbele. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia likatoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 Serikali ya Koloni ya Kenya ikachapa maelezo yake juu ya Mau Mau. Humo alitafuta chanzo cha vita katika nafsi za Wakikuyu, kuliko katika ardhi waliyonyang'anywa.

Alikosa wapi? Alilipima bara zima kwa watu aliowaona: wagonjwa waliofungiwa, na wafanyakazi waliosimama mbele ya bwana. Lakini mtumishi anyamazaye si mtu asiyefikiri. Tazameni wazee wa Kilimanjaro, waliochimba mifereji kutoka mitoni hadi migombani, wakagawana zamu za maji. Je, hao hawakujali kesho?

Majibu yalikuja. Huko Abeokuta, Nigeria, tangu mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa vijijini pamoja na jamaa zao, akaonyesha kwamba akili ya Mwafrika huugua na kupona kama ya watu wote. Mwaka 1961 Frantz Fanon, naye mganga wa akili, alimkosoa Carothers waziwazi.

Carothers alifariki mwaka 1989. Kisu cha Moniz kilianza kuachwa vidonge vilipopatikana katika miaka ya 1950. Neno la Carothers lilidumu zaidi, maana liliandikwa na mtaalamu, na wasomaji wake hawakuuliza alilipataje. Basi nasi, ndugu akiugua akili nyumbani mwetu, tumsikilize kwanza kabla ya kumpa jina. Na mtaalamu atuambiapo jambo juu ya kabila zima, tumwulize: ni watu gani uliowaona, na uliwaona wapi?